Pikapu ya Mama Pancha Yapata Hema

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nimeona niseme mapema, msije mkasoma hadi mwisho mkimtafuta mwingine. Lakini kujicheka mtu mwenyewe uso kwa uso ni kazi ngumu, kwa hiyo nitamsimulia mjinga huyo kana kwamba ni jamaa fulani niliyemfahamu kwa karibu, wa kuvaa naye suruali moja. Mtaani walimwita Kiyoyozi. Akizungumza nawe dakika tano unasikia ubaridi mtamu ukikupuliza usoni, na ukifika nyumbani ndipo unagundua kwamba kilichokuwa kinapuliza ni tundu la mfuko wako.

Kiyoyozi alikuwa na gereji. Yaani, alikuwa na geti la mabati, kontena moja lililopinda, na ubao mkubwa ulioandikwa: WATAALAMU WA MAGARI YA SAFARI, PORI NA MILIMA. Wataalamu wenyewe walikuwa mmoja, yeye. Milima aliijua kwa kuitazama kwenye kalenda. Porini hakuwahi kulala. Nje alilala mara moja tu, siku mkewe alipokataa kufungua mlango. Kazi zote za chuma alimpelekea shemeji yake, kaka wa mkewe, mchomeleaji wa upande wa pili wa ukuta aliyeitwa Cheche. Cheche alikuwa mtu mwaminifu, na kwa sababu hiyo Kiyoyozi alimwonea huruma sana.

Biashara halisi ya Kiyoyozi ilikuwa kununua magari kwa bei ya maiti na kuyauza kwa bei ya bwana harusi. Na katika biashara hiyo alikuwa na sheria moja takatifu: jina lake lisionekane popote. Gari lilihama kutoka kwa mwenyewe hadi kwa mnunuzi mpya kwa saini moja, na yeye hapo katikati akapita kama harufu ya chai. Hakuna ada ya kuhamisha umiliki, hakuna ushuru, hakuna mtu wa kumlaumu gia zikikwama. Karatasi pekee aliyowaandikia watu ilisema kwamba gari limeletwa kwake kwa matengenezo, nayo yamekwisha kulipiwa, ili pasiwe na hesabu ya kuulizwa. Mkaguzi akipita na kuuliza mbona uwanja umejaa magari, anaonyeshwa karatasi. Fundi ana magari ya wateja, kosa liko wapi?

Alijivunia sana karatasi ile. Aliitunga mwenyewe.

Basi asubuhi moja akiwa ameketi juu ya tairi, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, geti likafunguliwa na pikapu nyeupe ikaingia taratibu, ikiendeshwa na mtu anayeogopa kuiumiza. Aliyeshuka alikuwa Mama Pancha, mwenye duka la kutengeneza baiskeli kule kwenye njia panda, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na kucha zilizobeba grisi ya miaka ishirini.

"Shikamoo, mama," alisema Kiyoyozi, akiitupa njiti.

"Marahaba. Wewe ndiye mtaalamu wa kwenye ubao?"

"Ubao umenipunguza, mama. Nafasi haikutosha."

Mama Pancha alicheka. Akaipapasa pikapu kwenye boneti, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa kwanza.

"Hii ndiyo gari yangu ya kwanza maishani. Nimehangaika nayo, nimeipata. Sasa nataka unisaidie kuivalisha. Nina kundi la vijana wa kike wanaoendesha baiskeli za mlimani. Tunakwenda mbali, tunalala huko huko. Nataka hema juu, la kukunjua. Nataka ndoano ya kuvutia tela, maana tela ninalo. Na nataka baiskeli zikae nyuma bila kukwaruzana. Naanza na nini?"

Hilo, ndugu zangu, lilikuwa swali la mteja. Fundi yeyote mwenye akili angechukua kalamu. Kiyoyozi alichukua tamaa. Alitazama mwili wa pikapu: hauna kutu. Alitazama chini: hakuna tone la mafuta. Injini ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba. Mkononi mwa mwanamke aliyezoea baiskeli! Moyo wake ulimuuma, kama tunavyoumia tukiona kitu kizuri kikiwa kwa mtu asiye sisi.

"Kabla ya nguo tupime mwili, mama," alisema. "Hema lina uzito. Tela lina uzito. Lazima nijue kama mgonjwa atahimili. Zima injini."

Akafungua boneti, akainama. Akagonga hapa, akanusa pale, akasema "mmh" mara tatu, ile ya tatu ikiwa ndefu kuliko nyingine. Katikati ya "mmh" ya pili mkono wake uliingia kwenye kisanduku cha fyuzi, ukang'oa fyuzi ya pampu ya mafuta na kutoka nayo ukiwa umefumba. Kitu kidogo kama jino la mtoto. Bila hicho, injini haipati mafuta.

"Hebu washa."

Mama Pancha akawasha. Pikapu ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza.

"Tena."

Ikakohoa bila matumaini.

Kiyoyozi akashusha boneti polepole, akavua kofia. Ni yeye peke yake mjini aliyekuwa na tabia ya kuvulia gari kofia.

"Mama, nani alikuuzia gari hili?"

"Mnadani. Kwani vipi? Limekuja lenyewe hapa!"

"Ndivyo yanavyofanya. Linajikaza, linajikaza, likifika kwa daktari linajiachia. Hii injini imekufa ndani. Juu unaona inang'aa, ndani ni uji."

"Uji?"

"Uji, mama. Wa chuma."

Mama Pancha alitazama boneti, akatazama mkono wa Kiyoyozi uliokuwa mfukoni, akatoa kitambaa chake cha grisi akajifuta macho, kikamwachia mstari mweusi shavuni. Kiyoyozi aliguswa. Angekuwa mtu mwingine angemrudishia fyuzi yake. Yeye aliguswa tu.

"Na hema langu?" aliuliza mama.

"Hema utalifunga juu ya nini? Sikiliza, mimi sipendi kuona mama wa watu anateseka. Niachie hapa. Nitakupa bei ya chuma chakavu, tena kwa hasara yangu. Ukilikokota mwenyewe hadi kwa wanunuzi wa vyuma, gharama ya kulikokota tu itakumaliza."

"Niache nikawaze."

Akaondoka kwa miguu, funguo ameziacha ndani ya pikapu, mkoba wake umebanwa kwapani. Kiyoyozi akamsindikiza kwa macho ya upole hadi alipopotea, kisha akairudisha fyuzi, akawasha, na kuizungusha pikapu uwanjani mara nne akipiga mluzi.

Cheche alichungulia juu ya ukuta, miwani ya kuchomelea ikiwa kichwani. "Shemeji, si hiyo ndiyo ilikuwa imekufa sasa hivi?"

"Imefufuka. Ni mambo ya imani, shemeji, huwezi kuelewa."

Siku mbili baadaye Mama Pancha alirudi, mpole, ameshakubali. Kiyoyozi akaandaa karatasi yake maarufu. Mwanamke akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari: gari limekabidhiwa kwa fundi kwa matengenezo, matengenezo yote yamekwisha kulipiwa, mwenye gari atalichukua kazi ikikamilika.

"Mbona haisemi nimeuza?"

"Ah, mama! Ukiandika umeuza, hapo hapo ushuru, hapo hapo foleni, hapo hapo njoo kesho. Hii ni namna yetu mafundi. Kadi ya gari ibaki kwako, kwa jina lako. Nikipata mtu wa kununua hivi vyuma nakuita, unamsainia yeye moja kwa moja. Mimi simo kabisa."

"Wewe humo kabisa," alirudia Mama Pancha, kama anayekariri.

"Kabisa!"

"Basi weka saini na muhuri wa gereji, nami niwe na nakala yangu."

Akaweka saini. Akagonga muhuri, tena mara mbili, wa kwanza haukukolea. Akamhesabia mama pesa ya chuma chakavu, noti kwa noti.

Wiki ile ile, kama vile mbingu zilikuwa zimesikia, akaingia mteja. Aliingia kwa baiskeli ya mlimani, kofia ngumu kichwani, tope limemrukia hadi mgongoni, mtu mrefu mwenye tabasamu jeupe la kutisha. Alijitambulisha kuwa daktari wa meno, akampa Kiyoyozi mkono huku akimtazama mdomoni.

"Gego la chini kushoto linakusumbua," alisema.

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Nimesikia wewe ni mtaalamu wa magari ya pori. Natafuta pikapu ambayo tayari imeshavalishwa kila kitu. Sina muda wa kuzunguka kwenye gereji. Nikiipata ninavyotaka, sibishani bei."

Sibishani bei! Kuna wanaume wamelia kwa kuambiwa wanapendwa. Kiyoyozi alikaribia kulia kwa neno hilo. Akamshika daktari bega, akamgeuza taratibu kuelekea ile pikapu nyeupe.

"Daktari, unaamini bahati?"

Daktari aliizunguka pikapu, akalala chini yake, akaigonga kwa kijiko cha chuma cha kukagulia meno, akatoa futi na kijidaftari. "Mwili ni mzuri. Lakini iko uchi."

"Ndiyo kwanza tunaanza kuivalisha. Hema linakuja."

"Hema la watu wangapi?"

"Wewe unataka la wangapi?"

"Wanne. Lenye ngazi na godoro. Na springi za nyuma ziongezwe, hizi zitakaa chini ukifunga tela. Na matairi. Mimi napenda tairi lenye meno."

"Meno tena, daktari, hata nje ya ofisi?"

"Meno ni meno," alisema daktari, akaandika.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na hapo ndipo mnapaswa kunionea huruma, samahani, kumwonea huruma Kiyoyozi. Hema jipya lenye ngazi si kitu cha kuokota. Alikuwa na kigari chake kidogo cha kutembelea, alichokipenda kuliko jamaa zake wengi. Akakiuza. Hema likaja kwenye boksi refu, na Cheche akachomelea fremu ya kulikalisha juu ya bodi.

"Shemeji," alisema Cheche akivua miwani, "hiki chuma kinene cha nini? Wewe siku zote unaniambia nitumie bomba la pazia, nipake rangi."

"Huyu daktari anagonga kila kitu kwa kijiko chake cha chuma kile. Akigonga bomba la pazia atasikia."

Kweli, daktari alirudi Jumamosi na kugonga kila kiungo, akitega sikio. Akaridhika. Kisha akakuna kidevu.

"Ndoano ya tela mmeifunga kwenye bampa."

"Si ndiko inakokaa?"

"Bampa itang'oka kwenye mlima wa kwanza, tela lirudi nyuma na kila kilichomo. Ifungwe kwenye chesi, uti wa mgongo wa gari. Na soketi ya taa za tela iwe na nyaya zake, si kuunganisha kwa kung'ata na meno. Naziona alama za meno hapa. Za kwako, gego la kushoto halikuacha alama."

Wakaifunga kwenye chesi. Wakavuta nyaya mpya. Jumamosi iliyofuata daktari alitaka betri ya pili, ili taa za kambini na kijokofu visiimalize ile ya injini. Iliyofuata akataka droo mbili ndefu ndani ya bodi, za vyombo na spana, zinazovutika bila kelele. "Wenzangu wakiwa wamelala, sitaki droo ipige kelele kama mkwe." Kisha turubai la kivuli la kukunjua ubavuni. Kisha tangi la maji lenye bomba la kuoshea baiskeli zikitoka topeni.

Kila mara Kiyoyozi alipotaka kukata tamaa, daktari alikuwa anasema ule wimbo wake: "Tumekaribia sana, fundi. Nikilipa, nalipa mara moja." Na Kiyoyozi anakwenda kutafuta kingine cha kuuza. Akiba aliyokuwa ameificha nyuma ya kioo cha chumbani, hata mkewe hakuijua, ikaisha. Sasa hata yeye hakuijua.

Na kuna jambo jingine lililompata, ambalo ni aibu kulisema mbele ya watu wa fani. Alianza kuipenda kazi. Alijikuta anapaka sabuni reli za droo ili ziteleze vizuri. Alijikuta anamkaripia Cheche kwa kuacha ukingo mkali unaoweza kumkata mtu mkono. Mchana mmoja alipanda ngazi ya hema kulijaribu, akajilaza kwenye godoro, akafungua kidirisha cha wavu, upepo ukaingia, akalala usingizi mzito hadi Cheche alipogonga bodi kwa nyundo.

"Shemeji! Unaumwa?"

"Nafanya majaribio."

"Unakoroma."

"Ndiyo majaribio yenyewe."

Naapa, ile ndiyo ilikuwa kazi safi pekee aliyowahi kuifanya maishani. Ukweli ukimwingia mtu kama yeye, humwingia kama malaria: hajui umetoka wapi, anatetemeka tu.

Hitaji la mwisho lilikuwa la baiskeli. Daktari alitaka baiskeli nne zining'inie kwenye mlango wa nyuma wa bodi, magurudumu ya mbele yakiwa nje na ya nyuma ndani, kama wanavyofanya waendeshaji wa kweli. Ili fremu zisichubuke, mlango ufunikwe kwa godoro nene lililoshonewa turubai. "Si sponji ya bei rahisi," alionya. "Inataka ile ngumu, ukiibonyeza inarudi."

Kiyoyozi hakuwa na kitu tena cha kuuza. Alikaa nyumbani kwake akiwaza, na katika kuwaza akabonyeza kochi alilokalia. Likarudi.

Mkewe alimkuta sebuleni na kisu, mito mitano ya makochi ikiwa imechunwa ngozi sakafuni.

"Baba watoto, nini hiki?"

"Mke wangu, ukivumilia hadi Jumamosi nitakununulia makochi ambayo mgeni akikaa atasahau kwao."

"Mgeni akija kabla ya Jumamosi akae wapi?"

"Mwambie tumeacha mambo ya kizamani."

"Haya ni makochi aliyoninunulia mama yangu. Jumamosi yasipokuwa hapa, wewe ndiye utakayekaa chini, na kwenu, si hapa."

Hakuwa mwanamke wa kutania mambo ya mama yake. Kwa hiyo sasa hesabu ilikuwa wazi kabisa: kigari kimekwenda, akiba imekwenda, na ndoa imeshonewa turubai na kufungwa nyuma ya pikapu.

Jumamosi ikafika. Kiyoyozi aliiosha pikapu hadi ikawa kama kikombe. Alivaa shati la harusi. Alikuwa amempelekea Mama Pancha ujumbe: mnunuzi wa vyuma amepatikana, njoo na kadi usaini. Alikuwa na wasiwasi kidogo: mama akiiona pikapu jinsi ilivyo, atasemaje? Akajitayarishia maelezo kwamba injini mpya imeletwa kutoka nje, mwili tu ndio wa zamani, mambo kama hayo. Ubaridi ulikuwepo wa kutosha.

Mama Pancha alifika wa kwanza, kwa baiskeli, tela dogo la magurudumu mawili likivutwa nyuma na mabinti wawili wa kundi lake, nao kwa baiskeli. Akashuka, akasimama mbele ya pikapu, mikono kiunoni. Akakunjua ngazi. Akavuta droo, ikateleza bila sauti. Akabonyeza godoro la mlango wa nyuma. Likarudi.

"Kazi nzuri," alisema. "Kweli nakwambia, sikutegemea."

"Mama, kuhusu injini..."

"Tutaizungumza. Mnunuzi yuko wapi?"

Daktari akaingia getini na baiskeli yake, tabasamu mbele. Kiyoyozi akaenda kumpokea mikono miwili. "Daktari! Mwenye kadi huyu hapa, mnamaliziana sasa hivi. Mama, huyu ndiye..."

"Umechelewa," Mama Pancha akamwambia daktari.

"Nilikuwa nang'oa," daktari akajibu. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu pima ile ndoano mara ya mwisho, ndipo tufunge tela."

Kwa muda Kiyoyozi alibaki ameinyoosha mikono ile miwili, kama mtu aliyekuja kupokea mtoto akakuta hajazaliwa. Juu ya ukuta kichwa cha Cheche kilitokeza, kikatua hapo.

"Dada?" aliuliza Kiyoyozi. "Dada wa heshima au dada wa nini?"

"Dada wa tumbo moja," alisema daktari. "Mimi ni wa mwisho, yeye wa kwanza. Ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli."

"Lakini wewe si mnunuzi?"

"Nilisema natafuta pikapu iliyovalishwa. Nimeipata. Ya dada."

Mama Pancha alifungua mkoba, akatoa nakala ya karatasi iliyokunjwa vizuri na funguo za akiba. Akasoma, kidole kikifuata mistari kama siku ile. Gari limekabidhiwa kwa fundi kwa matengenezo. Matengenezo yote yamekwisha kulipiwa. Mwenye gari atalichukua kazi ikikamilika. Saini. Muhuri, mara mbili.

"Kazi imekamilika?" aliuliza.

Kiyoyozi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule hakikutoka kitu, si ubaridi wala joto.

"Na hii hapa," Mama Pancha aliendelea, akimwekea bahasha mkononi, "ni ile pesa yako ya chuma chakavu, haijaguswa. Sipendi kula cha mtu."

"Lakini mama, hii gari ilikuwa imekufa! Wewe mwenyewe uliona! Mimi nimeifufua!"

"Ilikufa na nini?"

"Injini..."

"Ilikuwa uji, najua. Fundi, mimi nashughulika na minyororo, skrubu na vijipira vidogo kuliko jino la mtoto. Kitu kikiondoka mahali pake, jicho langu linakifuata. Ulipotoa mkono kwenye kile kisanduku, ulikuwa umefumba. Ulipouingiza mfukoni ulikuwa umefumba. Ulipovua kofia ulitumia mkono wa kushoto, na wewe si wa kushoto."

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Ningesema ungenirudishia, ungecheka, ungesema ulikuwa unanijaribu, ningeondoka na pikapu tupu na wewe ungemsubiri mwingine. Unajua kilichoniuma ni nini? Siku ile kwenye mkoba huu nilikuwa na pesa za kazi yote. Hema, ndoano, springi, kila kitu. Nilikuwa nimekuja kukulipa. Ungeniambia tu tuanze na springi, leo ungekuwa fundi mwenye mteja."

Hapo Cheche akacheka. Alijitahidi asicheke, nampa haki yake, lakini kicheko kilimtoka puani, akateremka ukutani kwenda kucheka kwa nafasi.

Kiyoyozi alijaribu kila upepo aliokuwa nao. Alimwomba daktari kama mwanamume mwenzake. Daktari alimwambia aje Jumatatu kwa ajili ya lile gego, bure. Aliwaomba wale mabinti wawili wamshauri mama yao. Walikuwa wanatundika baiskeli mlangoni, moja moja, zikikaa kwenye mito ya mkewe kama wageni wa heshima. Aliomba angalau hema. Akaambiwa lilishachomelewa kwa chuma kinene. Aliomba angalau mito.

"Mito ya nini?" aliuliza Mama Pancha.

"Ya makochi, mama. Ya mama mkwe wangu. Nikirudi bila hiyo sina pa kulala."

Mama Pancha alimtazama kwa muda, na uso wake ulilegea kidogo. "Mpe mkeo salamu zangu. Nikirudi safari nitamshonea mingine, yeye, si wewe. Na nitamwambia ilikokwenda ile."

Hilo halikuwa faraja. Tela likafungwa, soketi ikachomekwa, taa zote zikawaka kama zilivyotakiwa kuwaka, kazi safi, hakuna alama ya jino. Mama Pancha akapanda, akawasha mara moja tu, na injini ikanguruma kama paka yule yule. Ndipo Kiyoyozi, akiwa na shati la harusi, akakimbia na kusimama katikati ya geti, mikono ameitanua toka nguzo hadi nguzo.

"Halitoki!" alipiga kelele, hata wauza maji wa barabarani wakasimama. "Huu ni wizi! Mchana kweupe! Kila senti yangu iko juu ya hilo gari! Mimi ni mtu ninayefahamika hapa, sitakubali kuibiwa na muuza viraka! Leo tunakwenda polisi, wewe na huyo mng'oa meno wako! Polisi!"

Mama Pancha aliteremsha kioo hadi chini, akaegemeza kiwiko dirishani.

"Panda nyuma, nafasi ipo, twende sasa hivi," alisema. "Ila njiani ufikirie: ukifika kaunta utawaambia umeibiwa gari la nani?"